Sheria na Chaguzi za Majimbo ya Marekani Zinavyogusa Hospitali Yako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa Waswahili tunaoishi Marekani: tuliokuja na viza, waliopokelewa kama wakimbizi kutoka Kongo, wanaopiga shifti usiku kwenye nyumba za wazee, na wazazi waliokuja kulea wajukuu. Maswali yametoka kanisani, msikitini na kwenye magrupu ya WhatsApp. Majibu ni maelezo ya jumla. Kwa kesi yako binafsi, hasa ya uhamiaji, zungumza na wakili.

Mambo ya hospitali si yanaamuliwa na Rais? Uchaguzi wa jimbo unanihusu nini?

Rais hatoi leseni ya hospitali ya mtaani kwako. Hapangi nesi mmoja ahudumie wagonjwa wangapi, na si yeye peke yake anayeamua kama utapata Medicaid, bima ya afya ya watu wa kipato kidogo. Hayo yanapita kwenye bunge la jimbo, ofisini kwa gavana, na mara nyingine kwenye kaunti. Msomaji wa Kenya atalielewa hili haraka, maana tangu 2013 hospitali nyingi za umma huko ziko mikononi mwa kaunti, na dawa zikikosekana watu humuuliza gavana kwanza.

Kinachonisikitisha ni kwamba sherehe zote tunazifanya mwaka wa uchaguzi wa Rais. Ukija uchaguzi wa gavana, au wa mbunge wa jimbo ambaye ofisi yake iko dakika 10 kutoka nyumbani, tunauacha upite.

Medicaid ni ya serikali kuu au ya jimbo?

Ni ya wote wawili, na hapo ndipo kazi ilipo. Medicaid na Medicare zilizaliwa kwa sheria moja, iliyosainiwa na Rais Lyndon Johnson tarehe 30 Julai 1965. Medicare, ambayo hasa ni ya wenye miaka 65 na kuendelea, inaendeshwa na serikali kuu. Medicaid, ya watu wa kipato kidogo, ni ubia: Washington inatoa angalau nusu ya fedha (kwa majimbo maskini kama Mississippi ni zaidi ya robo tatu), jimbo linajaza zilizobaki, kisha jimbo hilohilo linaamua mengi kuhusu nani anaingia na hospitali inalipwa kiasi gani.

Jina lisikuchanganye. California wanaiita Medi-Cal, Maine ni MaineCare, Tennessee ni TennCare, Massachusetts ni MassHealth. Yote ni Medicaid.

Mimi niko Kentucky nina Medicaid. Mdogo wangu yuko Texas, kipato chetu ni kilekile, yeye amekataliwa. Kwa nini?

Kwa sababu ya mpaka wa jimbo, hakuna zaidi. Sheria ya afya aliyoisaini Barack Obama mwaka 2010 ilitaka kila jimbo lipanue Medicaid imfikie kila mtu mzima ambaye kipato chake hakizidi asilimia 138 ya kiwango cha umaskini. Mwaka 2025 hiyo ilikuwa takriban dola 21,600 kwa mwaka kwa anayeishi peke yake. Juni 2012 Mahakama ya Juu ikasema jimbo haliwezi kulazimishwa. Tangu hapo kila jimbo limechagua lenyewe, ingawa serikali kuu inalipa asilimia 90 ya gharama za walioingia kwa upanuzi huo.

Majimbo 40 pamoja na Washington, D.C. yamekubali. Yaliyokataa ni 10: Texas, Florida, Georgia, Tennessee, Alabama, Mississippi, South Carolina, Kansas, Wisconsin na Wyoming. Texas, mtu mzima aliye chini ya miaka 65, asiye na mtoto wa kulea, asiye mjamzito wala mlemavu, hapati Medicaid hata kama hana senti mfukoni. Wengi wao wana kipato kidogo mno hata kupata punguzo la serikali kwenye bima zinazouzwa katika soko la afya la serikali. Mdogo wako yumo kwenye pengo hilo, na hajakosea fomu.

Kuna uchaguzi wowote uliowahi kubadilisha jambo kweli?

Tuanze na Kentucky, kwa sababu Wakongomani ni wengi Louisville na Lexington. Gavana Steve Beshear alipanua Medicaid kwa amri yake, ikaanza Januari 2014. Mwaka 2015 akachaguliwa Matt Bevin, aliyeupinga upanuzi huo. Januari 2018 Kentucky ikawa jimbo la kwanza kuruhusiwa na Washington kuweka sharti la kufanya kazi ili mtu abaki kwenye Medicaid. Jaji wa serikali kuu akalizuia kabla halijaanza. Novemba 2019 Bevin akashindwa na Andy Beshear, mtoto wa yule Steve, kwa kura 5,136 jimbo zima. Mwezi uliofuata Beshear akalifuta sharti lile. Watu wanaoujaza uwanja mdogo wa mpira ndio walioamua.

Virginia ndiko kisa kinachonitetemesha kila nikikumbuka. Novemba 2017 kiti kimoja cha bunge la jimbo, wilaya ya 94 huko Newport News, kilitoka sare: kura 11,608 kwa 11,608. Sheria ya Virginia inasema sare huamuliwa kwa kura ya bahati nasibu. Basi tarehe 4 Januari 2018, mbele ya kamera, majina mawili yaliwekwa kwenye vikopo vidogo vya filamu ya picha, vikopo vikatiwa ndani ya bakuli la kauri lililoazimwa kutoka jumba la sanaa la Virginia, na mwenyekiti wa bodi ya uchaguzi akachomoa kimoja. Jina lililotoka lilikuwa la David Yancey wa Republican, na chama chake kikabaki na wingi wa 51 kwa 49.

Hata hivyo wabunge kadhaa wa Republican walikuwa wameona katika uchaguzi ule viti vya wenzao 15 vikienda, wakaanza kuwasikiliza watu wa wilaya zao. Gavana Ralph Northam alisaini upanuzi wa Medicaid Juni 2018, ukaanza Januari 2019, na mamia ya maelfu ya watu wakapata bima. Mwaka ule Newport News palikuwa na mtu aliyebaki nyumbani akisema kura moja haifanyi kitu. Ingekuwa 11,609.

Je, wananchi wanaweza kuamua wenyewe bila kusubiri bunge?

Katika baadhi ya majimbo, ndiyo, kwa kukusanya saini na kupeleka hoja kwenye karatasi ya kura. Texas, Georgia na Tennessee hazina njia hiyo. Maine ilitangulia kuitumia kwa Medicaid mwaka 2017, ikafuatiwa na Idaho, Nebraska na Utah mwaka 2018, Oklahoma na Missouri mwaka 2020, na South Dakota mwaka 2022.

Kushinda kura si kumaliza safari, hilo lieleweke. Maine walipitisha kwa karibu asilimia 59, lakini gavana Paul LePage akakataa kutekeleza. Wagonjwa walisubiri hadi Janet Mills alipoapishwa Januari 2019 na kusaini amri mara tu alipoingia ofisini. Missouri waliliandika jambo hilo ndani ya katiba ya jimbo, na bado wabunge wakagoma kutenga fedha. Ikabidi Mahakama ya Juu ya Missouri iseme Julai 2021 kwamba katiba ni katiba. Kwa hiyo anayepiga kura ya "ndiyo" kwenye hoja aangalie pia ni nani anamchagua kuitekeleza.

Mtu akikosa bima, hasara si yake mwenyewe? Hospitali inaumiaje?

Sheria ya serikali kuu ya 1986 inailazimisha hospitali yenye idara ya dharura, inayopokea Medicare, kumpima na kumtuliza kila anayefika akiwa na hali ya dharura, awe na bima au hana, awe na karatasi au hana. Ni sheria nzuri na nawaomba msiiogope emajensi. Lakini haikusema nani atalipa. Hospitali kubwa ya mjini hufidia kwa wagonjwa wenye bima nzuri za kazini. Hospitali ya kijijini, ambako wengi ni wazee, vibarua na wakulima, haina pa kufidia.

Tangu 2010 zaidi ya hospitali 100 za vijijini zimefungwa au kuacha kulaza wagonjwa, na Texas na Tennessee ziko mstari wa mbele. Sababu si moja: wakazi wanapungua, madaktari hawapatikani, malipo ni madogo. Jimbo kukataa upanuzi ni uzito mwingine juu ya huo.

Mji mdogo wa Belhaven, North Carolina, hospitali yake ilifungwa tarehe 1 Julai 2014. Meya wao, Adam O'Neal, mtu wa Republican ambaye chama chake ndicho kilichokuwa kimekataa upanuzi jimboni, alifunga viatu akatembea kwa miguu zaidi ya maili 270 mpaka Washington kudai hospitali ifunguliwe na Medicaid ipanuliwe. Haikufunguliwa. Jimbo lenyewe lilikuja kukubali upanuzi Machi 2023 kwa saini ya gavana Roy Cooper, na watu wakaanza kuandikishwa Desemba ya mwaka huo. Belhaven ilikuwa imeshasubiri miaka 9.

Nimesikia hospitali zenyewe zinaomba zitozwe kodi. Inawezekanaje?

Inawezekana, na ina hesabu yake. Hospitali zinalipa tozo kwa jimbo. Jimbo linaitumia kama sehemu yake ya Medicaid. Washington inaongeza fungu lake juu, na fedha zinarudi hospitalini zikiwa nyingi kuliko zilivyotoka. Virginia ilitumia njia hii kulipia asilimia 10 ya jimbo kwenye upanuzi. Karibu kila jimbo lina tozo ya namna hii kwa hospitali, nyumba za wazee au wengineo.

Sasa njia hiyo inabanwa. Sheria kubwa ya bajeti iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 inashusha ukomo wa tozo hizo kwa majimbo yaliyopanua Medicaid, kutoka asilimia 6 ya mapato yanayotokana na wagonjwa, kidogokidogo hadi 3.5. Tozo za nyumba za wazee zimeachwa nje ya punguzo hilo. Sheria ileile imetenga dola bilioni 50 kwa afya ya vijijini kwa miaka 5. Mabunge ya majimbo ndiyo yatakayoamua wapi pa kukata, maana karibu majimbo yote yanatakiwa kisheria kusawazisha bajeti. Kila mgombea wa ubunge wa jimbo anayekuomba kura aulizwe swali hili.

Sheria hiyo ya 2025 inawagusa wakimbizi?

Inawagusa sana, na hapa naomba usome taratibu. Mkimbizi alikuwa anapata Medicaid tangu anapofika, akitimiza masharti ya kipato. Sheria ya 2025 inasema kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026 fedha za serikali kuu kwa Medicaid, ukiacha raia, zibaki kwa wenye ukaazi wa kudumu na makundi mengine machache, kama Wakuba na Wahaiti wa programu maalumu na raia wa visiwa fulani vya Pasifiki. Mkimbizi na aliyepewa hifadhi ambao hawajapata kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, hawamo kwenye orodha.

Mkimbizi huomba ukaazi wa kudumu baada ya kukaa mwaka mmoja, na aliyepata kadi ya kijani kwa njia ya ukimbizi hasubiri ile miaka 5 ambayo wengine husubiri kabla ya kupata Medicaid. Kwa hiyo mwaka ukitimia usikae. Nenda kwa shirika lililokupokea au kwa wakili, jaza fomu, tunza risiti. Jimbo nalo linaruhusiwa kutumia fedha zake kuwafunika walioachwa. Kama litafanya hivyo ni uamuzi wa wabunge wake.

Kuna na hili: kufikia tarehe 1 Januari 2027 watu wazima wa kundi la upanuzi watatakiwa kuonyesha saa 80 kwa mwezi za kazi, masomo au kujitolea, isipokuwa waliosamehewa, kwa mfano wajawazito, wagonjwa na wazazi wa watoto wa miaka 13 kushuka chini. Arkansas ilijaribu sharti kama hilo mwaka 2018, na zaidi ya watu 18,000 wakapoteza bima kabla jaji hajalisimamisha. Wengi wa walengwa walikuwa wakifanya kazi au wana sababu ya kusamehewa. Kilichowakwamisha ni karatasi. Fungua kila barua ya jimbo, hata ukiwa umetoka shifti ya usiku.

Hospitali imeniuliza kama nina karatasi. Inaruhusiwa?

Florida, tangu Julai 2023, hospitali zinazopokea Medicaid zinatakiwa kisheria kuuliza hali yako ya uhamiaji kwenye fomu ya kujiandikisha. Texas inafanya hivyo tangu Novemba 2024 kwa amri ya gavana Greg Abbott. Katika majimbo yote mawili una haki ya kutojibu, na jibu lako, au kukaa kimya kwako, halikunyimi matibabu. Maneno ya kumwambia karani ni haya: "I decline to answer." Mfundishe na mama.

Mimi ni nesi, mke wangu ni CNA (msaidizi wa nesi). Jimbo linatuhusu vipi kazini?

Wodi unayofanyia kazi hupangwa kwa sheria ya jimbo. California ilipitisha sheria ya idadi ya wagonjwa kwa nesi mwaka 1999, ikaanza kufanya kazi 2004: wagonjwa 2 kwa nesi mmoja ICU (wodi ya mahututi), 4 emajensi, 5 kwenye wodi za kawaida. Gavana Arnold Schwarzenegger alipojaribu kuchelewesha sehemu yake, manesi walimfuata kwenye hafla zake jimbo zima, wakaenda na mahakamani, wakashinda. Oregon ilipitisha yake mwaka 2023. Massachusetts suala lilipelekwa kwa wapiga kura 2018 na likaangushwa kwa takriban asilimia 70, baada ya hospitali kuonya kwamba zingeshindwa kumudu. Mimi nasimama na manesi. Nesi mwenye wagonjwa 8 usiku hawezi kumgeuza kila mmoja kwa wakati, na vidonda vya mgongoni havisubiri.

California pia ilisaini mwaka 2023 sheria inayopandisha kima cha chini cha mshahara wa wafanyakazi wa afya kwa hatua kuelekea dola 25 kwa saa, wakiwemo wafagizi na wapishi wa hospitali. Majimbo mengi hayana chochote cha namna hiyo.

Kwa nini hospitali za karibu yetu hazizalishi tena?

Mara nyingi ni hesabu: wazazi wachache, malipo madogo ya Medicaid. Lakini sheria nazo zina mchango. Baada ya Mahakama ya Juu kurudisha suala la utoaji mimba kwa majimbo Juni 2022, Idaho ilibaki na marufuku kali yenye kifungo kwa daktari. Machi 2023 hospitali ya Bonner General mjini Sandpoint ilitangaza kufunga huduma ya uzazi, ikitaja mazingira ya kisheria na kisiasa, kuondoka kwa madaktari na kupungua kwa wanaojifungua. Msimamo wako juu ya suala lenyewe ni wako. Mama mwenye uchungu, wa msimamo wowote, sasa anaendeshwa mbali zaidi.

Kaunti nayo ina usemi?

Sana, hasa Texas, ambako Waswahili tuko wengi Houston na Dallas. Hospitali za umma za huko ni za wilaya za hospitali zinazolipwa kwa kodi ya nyumba na ardhi. Novemba 2023 wapiga kura wa kaunti ya Harris, iliko Houston, waliidhinisha hatifungani (mkopo wa umma) ya dola bilioni 2.5 kwa ajili ya Harris Health, wilaya ya hospitali ya kaunti hiyo, sehemu kubwa ikiwa ni kujenga upya hospitali ya LBJ, kwa zaidi ya asilimia 70. Dallas walifanya hivyo kwa hospitali yao ya umma, Parkland, mwaka 2008, na jengo jipya likafunguliwa 2015. Kama mdogo wako yuko Houston bila bima, aulize msaada wa kifedha wa Harris Health, ambao wengi bado wanauita Gold Card. Ni wa wakazi wa kaunti wenye kipato kidogo.

Hospitali ikiuzwa au ikifungwa, nani anaweza kuingilia?

Mwanasheria mkuu wa jimbo na idara ya afya, kwa kadiri sheria inavyowaruhusu. Mwanasheria mkuu naye anachaguliwa kwa kura katika majimbo 43. Kampuni ya hospitali ya Steward ilipofilisika Mei 2024, Massachusetts ilipoteza hospitali mbili, Carney ya Dorchester na Nashoba Valley ya Ayer. Taarifa ya siku 120 kabla ya kufunga, inayotakiwa na jimbo, haikuheshimiwa. Januari 2025 gavana Maura Healey alisaini sheria inayowabana wawekezaji wanaonunua hospitali.

Bili imenishinda. Jimbo linaweza kusaidia?

Baadhi yanasaidia. North Carolina mwaka 2024 iliziambia hospitali: mkitaka malipo ya juu zaidi ya Medicaid, futeni madeni ya zamani ya watu wa kipato kidogo. Hospitali zote 99 zilizohusika zikakubali. Na popote ulipo, hospitali isiyo ya faida inatakiwa kuwa na sera ya msaada wa kifedha. Iombe kwa maandishi kabla ya kulipa hata senti, na omba mkalimani wa Kiswahili. Ni bure, na mtoto wako wa miaka 12 hapaswi kufanya kazi hiyo.

Sijawa raia. Nijiandikishe kupiga kura?

Hapana, hata kama karani wa leseni za udereva amekupa fomu. Asiye raia haruhusiwi kupiga kura katika chaguzi za jimbo na za kitaifa, na kudai uraia usio nao kunaweza kukufungia milango ya uhamiaji maisha yako yote. Ukipewa fomu hiyo, irudishe bila kusaini.

Basi asiye raia akae kimya?

Hapana. Unaweza kumwandikia mbunge wa jimbo, na unaweza kwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge. Hakuna anayekuomba pasipoti mlangoni. Kwa kawaida unapewa dakika 2 au 3 tu, kwa hiyo andika kabla: jina la mswada, kazi yako, jambo moja uliloliona kwa macho yako wodini au nyumbani, na unachotaka. Usisome sheria, wao wanayo. Waeleze shifti yako.

Fuatilia kalenda, maana mabunge mengi hayakai mwaka mzima. La Texas, ukiacha vikao maalumu, hukaa mwaka wa namba witiri tu, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari, kwa siku zisizozidi 140. Linalofuata linaanza tarehe 12 Januari 2027, na miswada yake inaanza kuwasilishwa mapema, Novemba 2026.